Pesa Haikuibwa, na Bado Inarudishwa

Mara nyingi shirika la Nairobi linapoambiwa limrudishie mfadhili pesa, hakuna aliyeila. Mafunzo yalifanyika, vijana walilishwa, vyerehani vilinunuliwa na vinashona hadi leo. Kilichokosekana ni stakabadhi, au stakabadhi ipo lakini tarehe yake imepita mwisho wa mradi kwa siku mbili, au kila kitu kipo isipokuwa barua ya mfadhili ya kukubali mabadiliko. Mkaguzi hakuja kuuliza kama kazi ilikuwa nzuri. Anauliza kama gharama hii ilistahili kulipwa kwa pesa hii, na jibu lake liliandikwa siku mkataba ulipotiwa saini.

Wafadhili hutofautiana kwa mengi, lakini vipimo vyao vinafanana. Gharama iwe inahitajika kwa mradi huu, iwe ya kiasi ambacho mtu mwenye akili zake angekubali kulipa, iwe imetokea ndani ya muda wa mkataba, isiwe miongoni mwa vilivyokatazwa, na iwe na ushahidi. Ikikosa kimoja tu, imekwenda. Wanaoanza kazi hii hudhani ushahidi ndio mgumu kuliko vyote. Mimi naona kipimo cha kwanza ndicho kinachoumiza zaidi. Nakala ya risiti unaweza kuirudia dukani ukaiomba. Uhusiano wa gharama na mradi, kama haukuwepo siku pesa ilipotoka, huwezi kuutengeneza baadaye.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shirika dogo lenye ofisi Kilimani linafundisha ushonaji na ufundi wa umeme kwa vijana wa Mukuru. Lina ruzuku mbili: moja ya Umoja wa Ulaya, kwa yuro, na nyingine ya fedha za serikali ya Marekani, kwa dola. Pango la ofisi, dereva, mhasibu na mkurugenzi wanahudumia miradi yote miwili. Mhasibu wa shirika hilo yuko katika hali ya mweka hazina anayeshika pesa za vyama viwili kwa wakati mmoja: akikopa kidogo kwa hiki kuziba pengo la kile, hata kama atarudisha kesho, wanachama wa pande zote wana haki ya kupiga kelele.

Shirika hilo linabanwa na sheria za pande tatu. Kwanza Kenya yenyewe: Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, ambayo ilikaa rafuni zaidi ya miaka kumi hadi ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuiondoa ile ya NGO ya 1990, sheria za kodi, Sheria ya Ajira ya 2007, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Halafu Marekani, yenye kanuni zinazojulikana na wahasibu kwa namba yake, 2 CFR 200, ambazo toleo lake jipya lilianza tarehe 1 Oktoba 2024. Kisha Umoja wa Ulaya, ambao masharti yake ya jumla huambatanishwa na mkataba na husomwa na watu wachache kuliko inavyopaswa. Pande hizi zikitofautiana, fuata lile kali zaidi. Marekani inataka nyaraka zitunzwe miaka mitatu tangu ripoti ya mwisho ya fedha. Umoja wa Ulaya kwa kawaida unataka mitano baada ya malipo ya mwisho. Sheria ya kodi ya Kenya nayo inasema mitano. Shika mrefu kuliko yote, tena uhesabu kuanzia ripoti au malipo ya mwisho, lolote lililochelewa zaidi. Na zile risiti za mashine za petroli na supamaketi zitoe nakala siku hiyo hiyo, kwa maana wino wake hufifia na baada ya miaka miwili mkaguzi atakuta faili zima la karatasi nyeupe.

Sasa tuingie kwenye kiwango cha kubadilisha fedha, mahali ambapo nimeona watu wazuri wakichanganyikiwa.

Januari 2024 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 160. Februari serikali ilikopa upya na kununua sehemu kubwa ya Eurobond, deni lake la dola kwa wawekezaji wa nje, iliyokuwa inaiva Juni, hofu ya soko ikapungua, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu na shilingi 130. Nchi ilishangilia. Shirika lililokuwa linasubiri awamu ya dola 200,000 halikushangilia, kwa sababu lilitarajia shilingi milioni 32 likapata kama milioni 26. Mishahara haikushuka, pango halikushuka, nauli ya kwenda Mukuru haikushuka. Vyote vilikuwa vya shilingi tangu mwanzo. Milioni sita zilitoweka bila mtu yeyote kugusa kitu.

Nani anabeba pengo hilo? Chini ya masharti ya kawaida ya Umoja wa Ulaya, hasara ya kubadilisha fedha si gharama inayokubaliwa. Huwezi kuiandika kwenye ripoti kama mstari unaojitegemea ukategemea kulipwa. Unachoweza kufanya ni kupunguza shughuli au kuhamisha pesa kati ya mafungu. Hapo masharti hayo hayo yanakupa nafasi: mabadiliko ya hadi asilimia 25 ya fungu kuu la bajeti huweza kufanywa kwa taarifa tu, bila kuandika upya mkataba, mradi lengo la mradi lisiguswe na fungu la gharama za uendeshaji liachwe lilivyo. Wengi hawaijui nafasi hii. Wanasubiri mwisho wa mwaka, wanazidisha fungu moja kwa asilimia 40, kisha wanaandika barua ya kuomba radhi.

Upande wa pili wa jambo hili hausemwi sana. Mwaka 2023 shilingi ilikuwa inaanguka mwezi baada ya mwezi, na kila awamu ya dola ilileta shilingi nyingi kuliko bajeti. Baadhi ya mabodi waliiona kuwa neema, wakapandisha mishahara. Lakini ziada hiyo ni ya mradi. Ukiripoti kwa dola, matumizi yako yataonekana madogo kuliko bajeti na mfadhili atauliza kwa nini kazi imechelewa, wakati kazi imekwisha na kilichobadilika ni bei ya dola tu. Mwaka uliofuata, mishahara iliyopandishwa kwa dola ya 150 na zaidi ikabidi ilipwe kwa dola ya 130.

Kiwango cha kutumia kwenye ripoti hakichaguliwi kwa hisia. Baadhi ya mikataba inataka kiwango ambacho benki ilikupa siku awamu ilipoingia. Mingine inataka kiwango cha kila mwezi kinachochapishwa na Kamisheni ya Ulaya, kiitwacho InforEuro. Soma mkataba, andika njia hiyo kwenye mwongozo wako wa fedha, itumie mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Tunza pia karatasi ya benki ya kila awamu. Na pesa ya Marekani iliyotolewa kabla ya matumizi ikizaa riba benki, unaruhusiwa kubaki na hadi dola 500 kwa mwaka. Zaidi ya hapo inarudi. Hili hugunduliwa na mkaguzi kwa sababu taarifa ya benki inaonyesha riba waziwazi na hakuna mtu ofisini aliyeiuliza ni ya nani.

Mishahara ndiyo fungu kubwa kwenye miradi mingi. Dereva wetu anaendesha gari asubuhi kwa mradi wa ushonaji na jioni kwa mradi wa umeme. Bajeti ilisema asilimia 60 kwa Umoja wa Ulaya na 40 kwa Marekani, na kila mwezi mhasibu anagawa hivyo hivyo. Kanuni ya Marekani inasema waziwazi kwamba makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi kuwa ushahidi wa mshahara. Lazima kuwe na rekodi ya kazi iliyofanyika kweli, na tofauti irekebishwe. Kwa hiyo taimshiti, yaani karatasi ya muda wa kazi, inayoonyesha 60 kwa 40 bila kupepesa kwa miezi kumi na minane, ikiwemo wiki ambayo dereva alikuwa likizo kwao Kitui, inamwambia mkaguzi kwamba ilijazwa na mtu mmoja, kwa siku moja, kwa kalamu moja. Ni afadhali namba za kweli zinazobadilika kila mwezi, 53, 71, 48, na kitabu cha safari za gari kinachokubaliana nazo.

Juu ya mshahara kuna makato. Tangu Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya zamani, imepisha SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, inayotoka kwa mfanyakazi peke yake. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kwa mwajiri. Michango ya NSSF, mfuko wa pensheni, imekuwa ikipanda kwa awamu tangu 2023. Kuna pia zile shilingi 50 za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa kila mfanyakazi kila mwezi, ndogo mno hivi kwamba husahaulika. Mradi uliosainiwa 2022 haukuwa na fungu la ushuru wa nyumba, kwa sababu ushuru wenyewe haukuwepo. Je, mfadhili atalipa? Kwa kawaida ndiyo: sehemu ya mwajiri inayodaiwa na sheria ni sehemu ya gharama ya mfanyakazi. Asicholipa ni faini. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, inatakiwa kufika KRA, mamlaka ya kodi, kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Ikichelewa kwa sababu awamu ya mfadhili ilichelewa, adhabu na riba ni za shirika, zitoke kwenye mfuko wake lenyewe. Na shirika ambalo halina mfuko wake lenyewe liko taabani hapo hapo. Watu huduwaa wakisikia kwamba cheti cha kusamehewa kodi ya mapato hakigusi PAYE hata kidogo, lakini ndivyo ilivyo: kodi hiyo ni ya mfanyakazi, shirika ni mkusanyaji tu.

Washauri nao wana mchezo wao. Mshauri mkazi wa Kenya anakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, asiye mkazi kwa kawaida anakatwa 20. Mshauri anasema, “Mimi nataka hela zangu zote mkononi,” na mkurugenzi anayehitaji ripoti wiki hii anakubali kuongeza kiasi cha kodi juu ya bei. Hapo bei imepanda bila ushindani wowote, na mkataba haukusema hivyo. Andika kwenye mkataba kwamba bei inajumuisha kodi, kisha msimame hapo.

Tushuke mtaani sasa. Vijana arobaini wamekuja kwenye mafunzo Mukuru kwa Njenga na kila mmoja anastahili nauli. Zamani ilikuwa bahasha. Siku hizi ni M-Pesa, na ni bora, maana kila malipo yanaacha alama. Lakini M-Pesa imeleta maswali yake. Jina kwenye orodha ya mahudhurio ni la binti, jina kwenye laini ni la mama yake, kwa sababu laini ilisajiliwa kabla binti hajapata kitambulisho. Mkaguzi akilinganisha orodha mbili, majina kumi na moja hayalingani. Dawa yake ni safu moja zaidi kwenye orodha: “simu ni ya nani,” pamoja na saini ya mshiriki kukubali pesa ipitie hapo. Inaandikwa siku hiyo hiyo ukumbini, mkaguzi akija iko tayari.

Orodha hiyo ina jambo jingine. Ina majina, namba za vitambulisho na simu za watu arobaini, pengine na maelezo kwamba wao ni manusura wa ukatili au wanaishi na ugonjwa fulani. Mfadhili anataka ushahidi, Sheria ya Ulinzi wa Data inataka usikusanye zaidi ya unachohitaji wala usisambaze ovyo. Kupiga picha orodha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ni kosa ambalo watu wanalifanya kila siku bila kulifikiria. Mkaguzi aje aone orodha ofisini. Nakala inayosafiri ng’ambo ifichwe namba za vitambulisho.

Halafu kuna chakula na boda boda. Mama anayepika pilau hana mashine ya risiti wala eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Kitabu cha risiti hununuliwa dukani kwa bei ndogo, na mkaguzi anajua hivyo, kwa hiyo risiti ya kuandikwa kwa mkono yenye muhuri mpya haimtikisi. Kinachomshawishi ni mfululizo: ombi la shughuli lililoidhinishwa kabla, masurufu (pesa za kutumia kisha kutolewa hesabu) yaliyotolewa kwa afisa, orodha ya watu waliokula, malipo ya M-Pesa kwa namba ya mpishi, ripoti fupi yenye picha, na masurufu kufungwa ndani ya siku zilizowekwa. Ushahidi mdogo mdogo unaokubaliana una nguvu kuliko risiti moja nzuri. KRA nayo imeweka njia ya mnunuzi kumtayarishia muuzaji mdogo ankara ya eTIMS kwa makubaliano. Mashirika machache yanaitumia, na sijui kwa nini tunapenda kuteseka. Kwa boda boda weka kiwango cha njia inayojulikana na fomu iliyosainiwa, tena kiwango hicho kiwe cha kweli: Kilimani hadi Mukuru si shilingi 1,500.

Posho za safari zilipata nafuu Julai 2025, Sheria ya Fedha ilipopandisha kiasi kisichotozwa kodi kwa siku kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000. Kabla ya hapo, mashirika mengi yalikuwa yanalipa zaidi ya 2,000 na kujifanya hayajui kwamba ziada yake ilihitaji maelezo au PAYE.

Kuhusu manunuzi nitasema machache, kwa sababu kila mwongozo umejaa habari zake. Kununua vyerehani ishirini kwa mafungu manne ya vitano ili kukwepa zabuni kunaonekana kwa kuangalia tarehe tu. Bei tatu kutoka maduka matatu yenye namba moja ya simu ni bei moja. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni jambo tofauti: wafadhili wengi hawataki kulipia kodi ambayo ingeweza kusamehewa, na msamaha hauji wenyewe, unaombwa Hazina ya Kitaifa kabla ya kununua. Ukishalipa asilimia 16 kwa muuzaji, kuifukuza ni kazi ya miaka.

Gharama za uendeshaji zinastahili nafasi zaidi, na hapa sitajifanya sina upande. Umoja wa Ulaya unalipa hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja, yaani zile za mradi wenyewe. Marekani, kwa shirika lisilo na kiwango kilichokubaliwa na serikali hiyo, ilikuwa inalipa asilimia 10 na tangu Oktoba 2024 inaruhusu hadi 15, ikikokotolewa baada ya kuondoa vitu kama vifaa vikubwa na sehemu kubwa ya pesa inayopelekwa kwa washirika. Pesa hiyo ndiyo inayolipa bodi kukutana, mhasibu kufunga hesabu za shirika zima, ukaguzi wa mwaka, taa. Asilimia 7 haitoshi. Kila mtu anajua haitoshi, mfadhili akiwemo. Matokeo yake ni kwamba mashirika huingiza nusu ya mkurugenzi kwenye mradi kama “mshauri wa kiufundi,” na ujanja huo ndio unaozaa matatizo, kwa sababu kanuni inataka gharama ya aina moja itendewe namna moja kila mahali. Pango likiwa gharama ya moja kwa moja kwa mradi wa Ulaya na wakati huo huo limo ndani ya asilimia 15 ya Marekani, limelipwa mara mbili, na hilo si suala la karatasi tena. Njia safi ni kugawa pango na intaneti kwa kipimo kimoja, tuseme idadi ya wafanyakazi wa kila mradi, kukiandika, na kukirekebisha idadi ikibadilika. Ni kazi ya kuchosha, lakini inakuondolea aibu siku ya ukaguzi.

Ukaguzi wenyewe, tuuelewe vizuri, ni wa aina zaidi ya moja. Wa mwaka unatoa maoni kuhusu hesabu za shirika zima. Ule wa mradi unaweza kuwa maoni juu ya taarifa moja ya fedha, au orodha ya hatua zilizokubaliwa ambapo mkaguzi hatoi maoni yoyote, anaeleza tu alichokikuta: risiti 14 zimekosekana, taimshiti 3 hazina saini. Huo wa pili ndio mkali, kwa maana hakuna neno la kuufunika. Ukiwa na mshirika mdogo Kibera unayempitishia pesa, yake yote yanahesabika kuwa yako. Gharama yake ikikataliwa, barua inakuja kwako. Kwa hiyo unamtembelea kila robo mwaka, unasoma taarifa yake ya benki, na unampa awamu ya pili baada ya kufunga ya kwanza. Benki nazo zimekuwa na maswali mengi kuhusu pesa kutoka nje tangu Kenya ilipowekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, Februari 2024, basi nakala ya mkataba iwe karibu kila awamu inapoingia.

Mwisho wa mradi una sheria zake, na wakati mwingine haufuati kalenda. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa ajili ya mapitio. Siku nne baadaye amri za kusimamisha kazi zikaanza kutoka. Kufikia tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imekoma kuendesha miradi. Mashirika yaliyokuwa yanatumia pesa zao kwanza kisha yanadai kurudishiwa yalibaki na ankara mkononi. Kisha yakakutana na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira: notisi ya angalau mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mfanyakazi wa miaka minane anadai mishahara ya siku 120. Sheria haijali kwamba mradi umekufa. Malipo hayo yanayodaiwa na sheria kanuni ya Marekani inayakubali kama gharama, lakini bajeti iliyofungwa haina mahali pa kuyachota. Kwa hiyo muulize mfadhili wakati wa kuandika bajeti, si wakati wa kufunga, jinsi deni hilo linavyoweza kujengwa mwezi kwa mwezi, na jibu lake lije kwa maandishi.

Na vyerehani vile. Masharti ya kawaida ya Umoja wa Ulaya yanataka vifaa vilivyonunuliwa na mradi vikabidhiwe kwa walengwa au washirika wa hapa kabla ripoti ya mwisho haijawasilishwa, isipokuwa mkataba umesema vingine, na kwa kila kifaa kilichogharimu zaidi ya yuro 5,000 uthibitisho wa makabidhiano uambatanishwe na ripoti hiyo. Gari liko humo. Cherehani kimoja kimoja hakifiki kiasi hicho, lakini barua ya makabidhiano yenye namba ya kila mashine, iliyosainiwa na kikundi cha Mukuru kinachoipokea, iandikwe vilevile.